Kikulacho Ki Nguoni: Rununu, Mitihani na Deni la Wanakiswahili

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Hawakuwa na rununu wakati huo, wala hawakumwona mtahiniwa wa kidato cha nne akiingia katika chumba cha mtihani huku simu imefichwa ndani ya soksi au katika mfuko wa siri ulioshonwa upande wa ndani wa sketi. Hata hivyo, walimjua binadamu. Walijua kuwa adui anayemwangamiza mtu mara nyingi ni yule ambaye mtu huyo amemlea na kumpa joto kwa nguo zake mwenyewe.

Katika makala haya ninakusudia kutoa maoni yangu kuhusu matumizi ya simu za mkononi katika wizi wa mitihani nchini Kenya. Suala hili limezungumzwa sana na wanasiasa, wazazi na wanahabari, na kila mwaka msimu wa mitihani unapowadia huzungumzwa upya kana kwamba lilizuka jana. Msimamo wangu ni huu: rununu siyo chanzo cha wizi wa mitihani, lakini imeubadilisha wizi huo kiasi kwamba adhabu na mahubiri tuliyozoea hayaugusi tena mzizi wake. Isitoshe, sisi wanakiswahili tunaotunga maswali, tunaoandika miongozo na tunaowaandaa walimu, tuna deni katika jambo hili ambalo bado hatujalilipa.

Ni vyema niungame mapema kwamba siandiki nikiwa nje ya ua. Mimi ni mtahiniwa wa KCSE wa mwaka wa 2015.

Mwaka wetu

Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa maana ya sentensi hiyo. Kwa wengine, nitakumbusha kwa ufupi. Matokeo ya mwaka wa 2015 yalipotangazwa mapema mwaka wa 2016, watahiniwa 5,101 walifutiwa matokeo yao kwa sababu ya udanganyifu. Mwezi huo huo wa Machi, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Dkt. Fred Matiang'i, aliivunja bodi ya Baraza la Mitihani la Kitaifa nchini Kenya, KNEC, na marehemu Profesa George Magoha akateuliwa kuwa mwenyekiti mpya. Makasha makubwa ya chuma yakaletwa ili karatasi zihifadhiwe humo chini ya ulinzi wa polisi, na walimu wakuu wakapewa jukumu la kuzichukua wenyewe kila asubuhi ya mtihani.

Matokeo ya mwaka wa 2016 yaliishangaza nchi. Waliopata alama ya A walishuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Waliopata C+ na zaidi, yaani waliofuzu kujiunga na vyuo vikuu, walikuwa zaidi ya 169,000 mwaka wa 2015. Mwaka uliofuata hawakufika 89,000. Sidai kuwa pengo hilo lote lilitokana na wizi. Wapo waliohoji jinsi karatasi za mwaka wa 2016 zilivyosahihishwa, na maswali yao hayakuwa ya kipuuzi. Lakini umma ulikwisha kuamua. Tangu siku hiyo, alama ya mwaka wa 2015 imekuwa kama noti halali katika mji uliojaa noti bandia. Kila anayeipokea huiinua kwanza kwenye mwanga. Nimeulizwa katika usaili wa kazi, kwa kicheko, "Wewe ni wa mwaka ule?" Nilicheka pia, kwani ningefanya nini?

Katika shule ya bweni niliyosomea, ambayo sitaitaja, rununu moja ndogo iliwashwa usiku chini ya blanketi. Maswali yaliyotumwa kwa arafa yalisomwa kwa sauti ya chini bafuni, na wenzangu wapatao ishirini wakayanakili kwa kalamu mikononi na kwenye vipande vya karatasi. Baadhi ya maswali hayo yalikuja siku iliyofuata, mengine hayakuja. Mimi sikwenda bafuni. Sitajitukuza kwa hilo, maana kilichonizuia kilikuwa woga wala si wema. Niliogopa kufukuzwa, nikalala nikiwa nimejifunika shuka kichwani huku nikitamani kusikia.

Aliyekuwa akiitunza simu hiyo ni rafiki yangu tuliyekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Alikijua Kiswahili kunishinda. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu mizani kwa vidole, na ndiye aliyenirekebisha kila nilipochanganya vina vya kati na vya mwisho. Siku ya nne ya mtihani alinaswa na simu hiyo. Matokeo yalipotoka, jina lake liliandamana na herufi Y, ambayo katika lugha ya KNEC ni ishara ya udanganyifu. Wale ishirini wa bafuni walipata alama zao. Wawili kati yao nilikutana nao baadaye chuoni, wakiwa wamevalia suti siku ya kusajiliwa. Mtu mzima aliyekuwa akituma zile arafa, ambaye bila shaka alilipwa, hakuwahi kutajwa.

Kutoka mwakenya hadi rununu

Ni kweli kwamba wizi wa mitihani haukuletwa na simu. Kila aliyesoma Kenya analijua neno mwakenya, yaani kijikaratasi kilichojaa maandishi madogo ambacho mwanafunzi hukiingiza mtihanini kwa siri. Asili ya jina hilo inapaswa kutufikirisha. Katika miaka ya themanini, Mwakenya lilikuwa vuguvugu la kisiasa la chini kwa chini lililosambaza vijikaratasi vya kuipinga serikali ya chama kimoja. Waliopatikana navyo, wakiwemo wanafunzi na wahadhiri wa vyuo vikuu, walifungwa. Wanafunzi wa shule wakaliazima jina hilo kwa sababu karatasi zao pia zilikuwa ndogo, zilifichwa, na mwenye kunaswa nazo alikiona cha mtema kuni. Ni kinaya kikubwa kwamba jina la karatasi ambazo watu walizifia kwa ajili ya kusema walichoamini kuwa kweli limeishia kuwa jina la karatasi ya uongo.

Hata hivyo, ninataka kusema neno moja la kuitetea mwakenya, nalo ni hili: aliyeiandika alilazimika kusoma. Ilimbidi akae na daftari lake, achague lililo muhimu, alifupishe, aliandike kwa herufi ndogo mno. Wengi wetu tuliwajua wenzetu waliomaliza kuandika mwakenya kisha wakagundua kuwa wamekwisha kuyahifadhi yote kichwani, wakaitupa. Wizi huo ulikuwa wa mtu mmoja, na ulikuwa na jasho ndani yake.

Rununu imeyageuza mambo hayo kwa njia tatu. Kwanza, imeondoa haja ya kusoma. Anayepokea jibu kwa simu halichagui wala halifupishi. Hulinakili tu, pamoja na makosa yake. Pili, imeurefusha mnyororo wa wizi. Mwanzoni mwa karne hii simu ilipeleka arafa tu, na maswali yalilazimika kuandikwa upya neno kwa neno. Zilipokuja simu zenye kamera, karatasi nzima ikapigwa picha kwa nukta moja. Zilipokuja WhatsApp na Telegram, picha hiyo ikawafikia maelfu ya watu kabla chai ya asubuhi haijapoa. Tatu, imeufanya wizi kuwa biashara. Malipo ya simu yaliyoanza na M-Pesa mwaka wa 2007, na ambayo yametufaa sana katika maisha ya kila siku, ndiyo pia njia ya kumlipa mwizi asiye na jina wala sura.

Biashara hii imezaa wizi ndani ya wizi. Kwenye Telegram pamekuwa na makundi yanayodai kuuza karatasi za KCSE, na polisi wa upelelezi wamewakamata baadhi ya wanaoyaendesha. Nyingi ya karatasi hizo ni za kughushi. Mwuzaji huchukua karatasi ya majaribio ya zamani, akaibadilisha kichwa, akapokea pesa na kutoweka. Mwanafunzi aliyetoa karo ya mwisho ya mamaye kuinunua hana pa kwenda kushtaki. Atawaambia polisi kuwa ameibiwa nini?

Ama kuhusu karatasi halisi, udhaifu mkubwa haumo tena katika makasha. Baraza lenyewe limekiri katika miaka ya karibuni kuwa tatizo ni karatasi kufunguliwa kabla ya saa yake. Bahasha hutoka kwenye kasha alfajiri, husafirishwa hadi shuleni, na hustahili kufunguliwa mbele ya watahiniwa. Katikati ya safari hiyo kuna dakika chache. Zikipata mtu mzima mwenye rununu na tamaa, dakika hizo zinatosha. Picha hupigwa, hutumwa kwa walimu wa somo waliokaa mahali wakisubiri, majibu huandikwa na kurudishwa. Mtahiniwa aliye ndani ya chumba cha mtihani huenda hata asiwe na simu. Kinachomfikia ni kipande cha karatasi kilichopitishwa chooni au dirishani. Tumerudi kwenye mwakenya, isipokuwa sasa inaandikwa na mwalimu.

Mwizi ni nani?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba vijana wa leo wameharibika. Mtoto wa shule ya upili haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Hana ufunguo wa kasha. Haujui muhuri wa bahasha umekaaje. Ili swali la mtihani limfikie kabla ya saa yake, lazima lipitie mikononi mwa mtu mzima mmoja au zaidi: aliyepewa dhamana ya karatasi, mwalimu aliyetoa majibu, msimamizi aliyegeuka upande wa pili, mzazi aliyetoa pesa za "maandalizi" bila kuuliza ni maandalizi ya nini. Mwana hutazama kisogo cha nina. Kama kisogo hicho kinaelekea kwenye wizi, mtoto ataelekea wapi?

Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka wa 2012 ni kali. Anayeufichua mtihani anaweza kufungwa hadi miaka 10 au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 2. Kwenye karatasi, basi, mtu mzima ndiye anayeadhibiwa zaidi. Katika uhalisia, kesi huchukua muda mrefu na wengi huachiliwa au huhamishwa, ilhali adhabu ya mwanafunzi huja pamoja na matokeo, haina rufaa ya haraka, na humfuata maisha yake yote. Mnyororo una pete nyingi, lakini tunaikata ile ya mwisho, iliyo nyembamba kuliko zote, kisha tunatangaza kuwa mnyororo umekatika.

Kuna na suala la wasio na hatia. Tunapenda kusema kuwa samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa miaka mingi methali hiyo ilitumika kama kanuni ya kufutia matokeo ya somo zima au ya kituo kizima, na katika miaka ya hivi karibuni matokeo ya watahiniwa husika huzuiliwa kwanza hadi uchunguzi ukamilike. Mabadiliko hayo ni ya busara. Watoto si samaki. Ndani ya chumba kimoja cha mtihani kuna aliyeiba, aliyejua akanyamaza, na aliyekesha akisoma kwa taa ya koroboi bila kujua lolote. Kuwapa wote herufi moja ni kumfundisha yule wa tatu kwamba uaminifu haulipi, na hilo ni somo baya kuliko wizi wenyewe.

Je, kwa nini wote hawa, wakubwa kwa wadogo, wako tayari kujitosa katika hatari hiyo? Jibu tunalijua. Mwaka wa 2024 watahiniwa zaidi ya 960,000 waliufanya mtihani wa KCSE. Miaka minne ya kila mmoja wao ilipimwa kwa majuma machache. Mwalimu mkuu naye hupimwa kwa alama hizo hizo. Hata baada ya Wizara kuacha kuorodhesha shule hadharani, mabango ya pongezi bado hutundikwa kwenye lango na wazazi bado huhesabu A. Waliosoma hadithi fupi ya "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro, iliyomo katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, watamkumbuka Samueli, kijana anayeona ni afadhali ajitose bwawani kuliko kumkabili babake akiwa amefeli. Tuliisoma hadithi hiyo madarasani tukachambua maudhui na mbinu zake, tukasahau kuwa mbele yetu walikaa akina Samueli arobaini.

Hoja za upande wa pili

Wapo wanaosema dawa ni kuzipiga simu marufuku kabisa, na wapo wanaosema tuziruhusu kabisa. Nadhani pande zote mbili zinakosea.

Wa kwanza wanasahau yaliyotokea mwaka wa 2020. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya janga la korona, wizara, walimu na wazazi wale wale walioilaani rununu waliigeukia kwa matumaini. Masomo yalipitia WhatsApp, kazi za ziada zilipigwa picha na kutumwa, na mtoto asiye na simu nyumbani alihesabiwa kuwa amebaki nyuma. Hatuwezi kumwambia mtoto mwaka mmoja kuwa simu ni shule, kisha mwaka unaofuata kuwa simu ni shetani. Aidha, kwa mwanafunzi wa shule isiyo na maktaba, na shule za namna hiyo ni nyingi, kamusi iliyo ndani ya simu ndiyo kamusi pekee atakayoiona.

Wa pili husema: dunia imebadilika, kila jibu liko mtandaoni, kwa nini tuwapime watoto kwa kile wanachokumbuka? Hoja hii ina uzito, na nitairudia hapa chini ninapozungumzia aina ya maswali tunayotunga. Lakini kwa jinsi ilivyo haitoshi. Kuna mambo ambayo lazima yakae ndani ya mtu ili ayatumie. Msomaji anayelazimika kutafuta maana ya kila neno hasomi, anachimbua. Daktari hawezi kukitafuta kifua cha mgonjwa kwenye simu. Tena, hoja hiyo haimjibu yule anayetumiwa maswali alfajiri, kwa maana huyo hatumii simu kutafuta maarifa. Anaitumia kukwepa maarifa.

Deni letu

Sasa nirudi nyumbani kwetu, kwenye Kiswahili. Kabla ya kujiunga na shahada ya uzamili nilifundisha katika shule moja ya kutwa. Muda mfupi baada ya tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege kuchukua nafasi ya Kigogo ya Pauline Kea katika orodha ya vitabu vya kutahiniwa, niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu swali kuhusu uhusiano wa Yona na mkewe Sara. Nilipokuwa nikisahihisha nilikutana na sentensi iliyosema kuwa "Majoka anamdharau mkewe Sara." Nilicheka, nikaweka alama ya mkasi. Katika karatasi ya pili nikaikuta tena. Kufikia mwisho, nilikuwa nimeihesabu mara kumi na moja.

Msomaji wa jarida hili anajua kuwa Majoka ni mtawala katika Kigogo, na kuwa mkewe ni Husda. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa amechukua jibu la zamani kuhusu ndoa ya Majoka, akabadilisha majina ili liwe jibu kuhusu Yona, akasahau jina moja, kisha akalisambaza kwa simu. Swali langu lilikuwa limevuja, pengine kwa sababu mimi mwenyewe nililiacha kwenye meza ya walimu. Wanafunzi kumi na mmoja walilinakili bila hata mmoja kushtuka.

Nilikasirika, nikawaita, nikawaadhibu. Usiku ule niliketi kulitazama swali nililotunga, na hasira ikanigeukia. Lilikuwa swali ambalo jibu lake, kwa kubadilisha majina mawili, lingeweza kutoka kwenye tamthilia nyingine. Sikuwa nimeuliza lolote ambalo lingemlazimu mtoto kukifungua kitabu. Swali lisilohitaji kusoma haliwezi kulalamika likijibiwa na asiyesoma.

Nadhani hapa ndipo deni letu lilipo. Tumeizoeza fasihi kuwa orodha. Tunauliza maudhui matano, sifa nne, mbinu sita, na mwongozo unaouzwa dukani unazo zote zikiwa zimepangwa kwa nambari. Miongozo hiyo huandikwa na nani? Huandikwa na sisi, walimu na wahadhiri wa Kiswahili, kwa kuwa inalipa kuliko uhakiki. Mwanafunzi aliyekariri mwongozo na mwanafunzi aliyepokea jibu kwa rununu wanatofautiana mbele ya sheria, lakini mbele ya kitabu wote wawili ni wageni. Hakuna kati yao aliyekisoma. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, 102/3, ina alama 80. Ni ngapi kati ya hizo zinaweza kupatikana na mtu ambaye hajawahi kuifungua riwaya ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi? Kila mtahini ajiulize kwa siri.

Yapo maswali ambayo simu hulemewa nayo. Fasihi simulizi, ambayo imo katika karatasi hiyo hiyo, inatupa nafasi ambayo masomo mengine hayana. Mwulize mwanafunzi asimulie namna ngano fulani inavyosimuliwa na nyanya yake, alichobadilisha msimulizi na kwa nini. Mpe kifungu kifupi ambacho hajawahi kukiona, umwombe aeleze ni kwa nini mwandishi alichagua neno hili badala ya lile. Mwulize ni tendo gani la mhusika ambalo yeye mwenyewe asingelitenda, na alitetee kwa ushahidi kutoka kitabuni. Maswali kama haya ni magumu kusahihisha, na hiyo ndiyo sababu hatuyatungi. Yanamtaka msahihishaji asome kila jibu badala ya kutafuta maneno yanayolingana na mwongozo wake. Tukikwepa kazi hiyo, tusishangae watoto wakikwepa yao.

Mtu atauliza: kuna haja gani ya kusema haya ilhali KCSE inatarajiwa kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2027? Naam, KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na mtaala mpya wa umilisi unatoa sehemu ya alama kwa tathmini za shuleni. Hilo linapunguza shinikizo la siku moja, nami ninalipongeza. Lakini kazi ya mradi inayofanyiwa nyumbani haina msimamizi wala polisi. Ikiwa tutaendelea kuuliza maswali yale yale, mnyororo wa wizi hautahitaji hata kuamka alfajiri. Rununu yenye akili unde itaandika insha nzima mtoto akiwa anakunywa uji.

Wala tusijifanye kwamba jambo hili linaishia kwenye lango la shule ya upili. Nyani haoni kundule. Katika vyuo vyetu, makundi ya WhatsApp ya darasa hupokea picha za maswali ya majaribio kutoka kwa waliofanya asubuhi kwenda kwa watakaofanya alasiri. Tumeziona na tumezifungua, nami sijitoi. Wapo wanaoingia mtihanini na simu mbili, moja ya kumkabidhi msimamizi na nyingine ya kazi. Baadhi yetu tutakuwa walimu mwaka ujao, tutavaa vitambulisho vya usimamizi, tutasimama mlangoni na kuwapekua watoto. Tutawapekua tukitafuta kitu tulichokuwa nacho mfukoni juzi.

Wito

Ninapendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji bajeti ya serikali. Kwanza, chama chetu cha wanafunzi wa Kiswahili kiwe cha kwanza kukataa kusambaza maswali ya majaribio katika makundi yake, na viongozi wake watoe mfano. Pili, walimu na wahadhiri watunge angalau swali moja katika kila mtihani ambalo haliwezi kujibiwa kwa mwongozo, na warsha zetu zijadili namna ya kulisahihisha. Tatu, wanaotetea sheria kali watetee pia haki: mtoto akinaswa na rununu, swali la kwanza liwe ni nani aliyetuma, na jibu lipatikane kabla herufi Y haijaandikwa.

Rafiki yangu wa dawati moja hakurudia mtihani. Baba yake alisema karo ya miaka minne ilikuwa imetosha. Leo ni fundi wa ujenzi, na ni fundi hodari. Mwaka jana nilimtumia kwa rununu shairi nililokuwa nikiliandaa kwa ajili ya uchapishaji, kwa kuwa sina msomaji mwingine ninayemwamini kiasi hicho. Alinijibu jioni baada ya kazi kwa arafa fupi: mshororo wa pili wa ubeti wa nne umezidi mizani moja. Nilihesabu kwa vidole kama alivyonifundisha. Alikuwa sahihi.

Sidai kwamba hakukosea mwaka ule. Alikosea, na mwenyewe husema hivyo. Ninachosema ni kuwa nchi yetu ilimpoteza mwalimu wa ushairi, ikampata mhalifu wa miaka kumi na minane, na kuamini kuwa kesi imekwisha. Haijakwisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu haumo ndani ya simu.